Mgongo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipopooza upande wa kulia, nilikuwa na miezi saba tu katika nyumba yake pale Tunduma, na katika miezi hiyo saba hatukuwa tumezungumza mengi zaidi ya salamu. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikashika ndoo. Jioni nilimpa pole ya kazi, akasema ameshapoa. Basi.

Hakunipenda, wala hakuficha. Yeye alikuwa mtu wa Ujiji, aliyeletwa Tunduma na marehemu mumewe aliyekuwa akisafirisha chumvi na samaki wakavu. Mumewe alipofariki hakurudi kwao. Alibaki, akawalea watoto wake wawili kwa vitumbua, na madereva wote waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Zambia walimfahamu. Lakini walimfahamu zaidi kwa maneno yake. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kimejaa mafumbo na utani, na wapo watu walionunua kitumbua ili tu wasikie atakavyomjibu mteja mkorofi.

Mimi nilitoka Mbozi, kwenye nyumba ya Wakristo wa kahawa na mahindi, ambako tuliongea Kinyiha kuanzia jikoni hadi shambani. Kiswahili nilikipata shuleni, na ulimi wangu haukuwa na urafiki na herufi r. Mwanawe, dereva wa lori, aliniona alipokuja kubeba kahawa ya chama cha ushirika. Tulipendana, nikasilimu, tukaoana. Siku nilipoingia nyumbani, mama mkwe alisema mbele ya majirani, "Mwanangu amezunguka barabara zote hizi, kaenda kuniletea mtu asiyeweza kulitamka neno barabara." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa sikujua nifanye nini.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, anamimina uji wa vitumbua kwenye kikaango, pawa likamponyoka. Akainama kuliokota, naye akaanguka. Nilipomwinua, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande na macho yananiangalia kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Halikutoka neno hata moja.

Hospitali alilazwa wiki tatu. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia mume wangu, "Hapa tumefika mwisho wetu. Mpelekeni nyumbani, mkamtunze vizuri." Mume wangu akaitikia. Mimi nikaitikia. Hakuna aliyeuliza kutunza vizuri ni kufanya nini, maana tulidhani tunajua. Nani asiyejua kumtunza mgonjwa?

Nikamtandikia godoro la sufi, la pekee tulilokuwa nalo. Nikamlaza chali, nikamfunika, nikazuia kelele ili apumzike. Mume wangu alikuwa njiani siku nyingi kuliko alizokaa nyumbani, hivyo kazi ilikuwa yangu, na niliifanya kwa moyo wote. Nataka hilo lijulikane. Sikuwa mvivu, wala sikumlipizia kisasi. Nilimpikia uji wa ulezi mwepesi, nikamnywesha kwa kijiko akiwa amelala, kama nilivyoona watu wakiwanywesha wagonjwa tangu utotoni.

Siku moja uji ule ulimpalia. Alikohoa hadi uso ukawa wa rangi ya zambarau, nikambeba kwa mabega, nikampiga mgongoni, nikimwita Mungu kwa lugha mbili. Uji ukatoka puani. Alipotulia alinitazama, machozi yanamtoka jicho moja tu. Toka siku hiyo akawa anafunga mdomo akiona kijiko.

Halafu baridi. Tunduma wakati wa mvua ni baridi ya kuingia mifupani, na ule mguu wake uliopooza ulikuwa wa barafu kila nilipougusa. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa, nikaizungushia kitambaa, nikaiweka kando ya mguu. Hakulalamika. Mchana nilipofunua nilikuta malengelenge makubwa kama mayai ya njiwa kuanzia kifundo hadi kwenye shavu la mguu. Mguu ule haukuwa na habari ya moto wala baridi, na mimi sikuwa nimefikiria hilo.

Majirani waliokuja kumjulia hali walinisifu. "Mkwe umempata," walimwambia. "Angalia shuka zilivyo safi." Kweli shuka la juu lilikuwa safi. Chini yake, mgongoni palipokutana na makalio, palikuwa pameanza wekundu. Nikapapaka mafuta. Wekundu ukawa weusi, weusi ukapasuka. Nyonga ya kulia nayo ikafuata, na kisigino. Nikaweka unga wa dawa ya vidonda niliopewa na jirani, nikazidi kumfunika vizuri.

Wifi yangu, bintiye, alikuwa ameolewa Tabora. Barua ilichelewa kumfikia, naye alichelewa kufika, maana barabara ya Chunya masika inaweza kukushikilia siku tatu kwenye tope. Aliingia asubuhi, nguo zina matope hadi magotini. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akambusu mama yake mkono, kisha akanusa. Akafunua khanga, akamgeuza mama yake ubavu kwa nguvu zake mwenyewe.

Chumbani tulikuwa wanawake watano.

"Njooni muone," alisema. Sauti yake haikupanda. "Njooni muone jinsi mama yangu anavyooza akiwa hai."

Nilitaka kusema kwamba sikulala, kwamba nilifua kila siku, kwamba sabuni haipatikani. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali ambapo niliuona mgongo ule wote kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Kidonda kilikuwa na upana wa kisahani cha chai. Wifi yangu alikuwa amesema kweli.

Jioni ile kulikuwa na kikao. Mume wangu alikuwa amerudi, na mzee mmoja wa msikitini alikuja kusuluhisha. Wifi alitaka kumchukua mama yake kwenda Tabora. Mume wangu alisema safari itamuua. Mzee akaniuliza mimi nasemaje, na wifi akasema, "Huyo msimuulize."

"Niulizeni," nikasema. "Vidonda hivi vimetokea mikononi mwangu. Nipeni nafasi nivifunge kwa mikono hii hii."

"Utavifungaje, wakati hujui hata vilifungukaje?" akauliza wifi.

Mzee alifikiri, akasema mgonjwa hawezi kusafiri njia ile wakati wa masika, hilo halina ubishi. Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Wifi alikuwa ameacha watoto wadogo kwake, hakuweza kukaa zaidi ya wiki. Siku ya kuondoka alinishika bega. "Nitarudi baada ya Idi. Nikikuta kidonda kimoja, hata cha ukubwa wa kucha, namchukua, na wewe na mumeo msinihesabu tena kuwa ndugu."

Kesho yake nilikwenda zahanati. Muuguzi aliyekuwapo alikuwa mama wa Kinyakyusa, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimweleza nataka dawa ya kidonda cha mgongo. Aliniuliza mgonjwa ana nini, yuko kitandani tangu lini, kisha akauliza, "Unamgeuza?"

"Kumgeuza vipi?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunipa dawa. Mchana alipofunga zahanati alikuja nyumbani kwa miguu, amebeba kikapu. Alimsalimia mama mkwe kwa adabu kama vile atajibiwa, akamweleza kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Kisha akaangalia mgongo.

"Kidonda hiki hakikutoka kwa mchawi, wala hakikutoka kwa Mungu," aliniambia. "Kimetoka kwenye godoro. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu. Wewe hapo ulipokaa unajitikisatikisa bila kujua. Huyu hawezi. Basi wewe ndiye utakayekuwa kutikisika kwake."

Nililia. Aliniacha nilie kidogo, akasema, "Haya, shika hapa," akaniweka mkono chini ya bega la mama mkwe na mwingine chini ya nyonga. Nikajifunza kumgeuza bila kumburuta, maana kumburuta kunachuna ngozi. Nikajifunza kumkalisha wima kabla ya kijiko kufika mdomoni, kidevu kimeinama kidogo, uji uwe mzito, na kijiko cha pili kisije kabla cha kwanza hakijamezwa. Maji ya kumwogeshea niyapime kwa kiwiko changu, na kitu cha moto kisikae tena karibu na mguu ule. Ukiwa wa baridi, soksi. Alimfunga mguu ulioungua, akanionyesha kusafisha vidonda kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na akasema mikono yangu ioshwe kabla na baada, hata kama ni kwa mara ya ishirini siku hiyo.

Mwisho akatoa kiberiti kikapuni, akachukua njiti, akapima nayo upana wa kidonda kikubwa bila kukigusa. "Njiti mbili na nusu," akasema. "Tutakuwa tunapima."

Kumgeuza kulitakiwa kila baada ya saa mbili, na nyumbani hatukuwa na saa. Nikatumia mji wenyewe. Adhana ya alfajiri, nikamgeuza. Kengele ya shule ya msingi, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ikigongwa asubuhi nikamgeuza. Ikigongwa ya mapumziko, tena. Adhuhuri, alasiri. Jioni malori yalipoacha kunguruma kwa sababu geti la mpaka limefungwa, nikajua saa kumi na mbili imefika. Usiku nilijifundisha kuamka, na mwili ukazoea, kama mama mwenye mtoto mchanga.

Godoro nililitengenezea dawa yake kwa fundi wa pancha aliyekuwa akikaa karibu na maegesho. Alinitafutia tyubu ya gari dogo iliyochakaa lakini haivuji, akaniuliza nataka kuogelea wapi. Nilipomweleza hakucheka tena. Aliijaza upepo kidogo tu, laini, nikaizungushia khanga kuukuu, tukamkalisha mama mkwe juu yake ili kidonda kikae katikati pasipo kuguswa na kitu. Muuguzi alipoiona aliibonyeza kwa kidole, akasema punguza upepo kidogo, ndiyo hiyo. Fundi yule alikuwa akipita kila Ijumaa baada ya sala kuiangalia, kama tairi ya mteja wake.

Kitu kigumu kilikuwa sabuni. Ilikuwa miaka ile ambayo dukani ulikuta rafu na muuza duka, basi. Kuleta sabuni kutoka ng'ambo ya mpaka kulikuwa hatari, watu walikuwa wakikamatwa kwa uhujumu uchumi, na mche mmoja uvunguni ungeweza kukuletea maswali. Nilifua vitambaa vya vidonda kwa majani ya mpapai, ambayo yanatoa povu kidogo ukiyaponda, kisha nikavichemsha kwenye sufuria, nikavianika juani, nikavipiga pasi ya mkaa. Mama mmoja Mbemba kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akinunua vitumbua vya mama mkwe miaka yote, alikuja kumwona siku moja nikiwa uani napiga pasi matambara. Alisimama, akasema, "Mwabombeni, mayo." Nilishakaa mpakani vya kutosha kujua kwamba hiyo ni salamu ya kumpa mtu aliye kazini. Nilikuwa sijapewa pole iliyonigusa kama hiyo. Aliingia ndani, akakaa na rafiki yake mgonjwa, na alipoondoka nilikuta kipande cha sabuni chini ya mto, kimefungwa kwenye leso.

Mume wangu naye ilibidi afundishwe. Mara ya kwanza nilipomwambia ashike upande wa pili, alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Yule ni mama yangu. Nitamshikaje?"

"Nitamfunika, hutaona kitu. Shika bega na goti."

"Kama ninavyoshika nini?"

"Gurudumu la akiba," nikasema. "Lakini hili usilidondoshe."

Alicheka, na katika kucheka akasogea. Na hapo, kutoka kitandani, tulisikia sauti ndogo ya puani. Mama mkwe alikuwa anacheka. Mdomo ulikwenda upande, lakini ulikuwa ni mcheko. Mume wangu alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya lori lake kwa muda.

Kuhusu kula, tulipambana. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na kwa wa kushoto hakukubali kugusa chakula. Mzee wa msikitini alikuja akamwambia mgonjwa ana ruhusa, dini si ugumu. Alimsikiliza kwa heshima, akafunga mdomo vile vile. Nilifikiri siku mbili. Ya tatu nikampikia ugali, nikaweka tonge kwenye kiganja chake cha kulia, nikavikunja vidole vyake juu yake, kisha nikauchukua mkono wake wa kushoto nikauweka chini ya kifundo cha ule wa kulia. "Huu uinue ule," nikamwambia. Akauinua. Tonge lilianguka kifuani. Nikatengeneza lingine. La nne lilifika mdomoni, nusu yake. Alilitafuna taratibu, ananiangalia, na nilijua kwamba mtu huyu na mimi tumeshaanza kuelewana.

Muuguzi alifurahi kupita kiasi aliposikia. Alisema tonge hilo hilo alifinye kila siku, hata kama haliendi mdomoni, vidole vitakumbuka. Nikawa nakanda ugali mgumu asubuhi, nampa afinye. Wiki kadhaa baadaye niliukuta ugali una alama ya dole gumba.

Lakini maneno hayakuja. Alijaribu, akapata mlio, akakasirika, akageukia ukutani. Mtu ambaye watu walinunua kitumbua ili wamsikie. Nilimwonea huruma kwa hilo kuliko kwa vidonda.

Kisha niligundua kitu. Kila nilipomkalisha kula, midomo yake ilikuwa ikitembea kabla ya tonge la kwanza. Nikainamisha sikio. Alikuwa anasoma bismillahi, nzima, bila kukosea. Neno maji hakuliweza, jina la mwanawe hakuliweza, lakini hiyo ilitoka kama maji ya mfereji. Nilimwambia muuguzi, akasema amewahi kuona hivyo, yale mtu aliyoyasoma tangu utotoni huwekwa mahali pengine. "Pitia mlango huo huo," akaniambia.

Basi nikawa nasoma naye kwa sauti. Mimi nilikuwa nimesilimu juzi tu, na nilisoma kwa ulimi wa Mbozi. Asubuhi moja nimekaa mbele yake na sahani, nikaanza, "Bismillahi lahmani..."

"Rahmani," akasema.

Hakuwa amesoma safari hii. Alikuwa amenisahihisha.

"Lahmani," nikarudia, makusudi.

"Rrr," akasema, na uso umekunjamana kwa hasira ile ile ya zamani. "Rah-mani."

Niliweka sahani chini nikaenda uani. Nilirudi, nikapiga magoti, nikamwomba anifundishe. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mwalimu. Alinifundisha r kwa miezi miwili, na kila nilipokosea alitafuta neno la kunikaripia, na kila alipotafuta alipata jingine. Barabara. Bure. Mjinga. Neno mjinga lilitoka safi sana. Nililipokea kama zawadi, nikawasimulia majirani.

Vidonda vilifunga kwa mpangilio wake. Kisigino kwanza, kisha ule mguu ulioungua, kisha nyonga. Kile kikubwa kilishuka hadi njiti mbili, ikawa moja na nusu, kikakaa hapo wiki mbili bila kusogea hadi nikakata tamaa. Muuguzi akaniuliza anakula nini. Ugali na mboga, nikasema. Akataka maharage, maziwa, mayai. Nilituma salamu Mbozi, na mama yangu mzazi, ambaye hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu niolewe kwa sababu ya mambo ya dini, alishuka kwenye lori na kuku wawili wa mayai na debe la maharage. Aliingia, akamsalimia mkwe mwenzake, akaniangalia nikimgeuza. Alisema kwa Kinyiha, polepole, kwamba hakujua amezaa mtu wa namna hii. Alikaa wiki nzima. Akina mama wawili wale hawakuwa na lugha moja iliyokamilika kati yao, mmoja kwa ugonjwa na mwingine kwa kutosoma, na walielewana kuliko sisi wote.

Ramadhani ilikuja na baridi kali. Kidonda kikawa njiti moja. Nusu njiti. Siku tano kabla ya Idi, muuguzi alitoa njiti yake kikapuni, akainama, akainuka, akairudisha kwenye kiberiti bila kupima. "Hapa pana ngozi," akasema. "Nyembamba, ya waridi, kama ya mtoto. Usiache kumgeuza." Alinipa mkono, kama wanavyopeana wanaume.

Wifi alifika siku ya tatu baada ya Idi. Barabara ilikuwa kavu, alikuja safi. Lakini uso ulikuwa ule ule. Alivuka kizingiti, akapita sebuleni bila kuangalia mtu, akaingia chumbani na mkono umeshanyooka kuelekea kwenye khanga.

"Salimia kwanza," akasema mama yake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo wima, ushungi umefungwa. Maneno yalitoka mazito, yakivutana, lakini yalikuwa mawili na yalikuwa mahali pake.

Mkono wa wifi ulibaki hewani. "Shikamoo mama," akasema, na sauti ikakatika katikati.

"Marahaba. Sasa. Angalia."

Na yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, alishika ukingo wa meza, akaegemea mbele ili mgongo uonekane. Nilimfunua. Wifi aliangalia kwenye mwanga. Alipitisha kiganja chake pale palipokuwa na kisahani cha chai, akapitisha nyongani, akapiga magoti akainua kisigino kimoja baada ya kingine. Hakuacha mahali. Nilisimama kando na sikuogopa. Ninakumbuka vizuri kwamba sikuogopa.

Alipomaliza alikaa sakafuni na kanzu yake ya safari. "Nilikuja na shuka za kumbebea," akaniambia. "Ziko kwenye mzigo." Kisha akasema, "Wifi, nifundishe."

Alikaa wiki mbili. Alijifunza kumgeuza, kumlisha, kumnyoosha vidole kimoja kimoja. Alipoondoka aliziacha zile shuka, na zilikuwa shuka nzuri, za pamba, ambazo mwaka ule hazikupatikana kwa njia yoyote ya halali wala ya haramu.

Mwaka uliofuata mama mkwe alisimama akishika kizingiti cha mlango. Baadaye akatembea na fimbo, mguu wa kulia ukichora mstari mchangani. Vitumbua alinikabidhi mimi, yeye akikaa kando na kuwajibu wateja, taratibu, lakini kwa makali yake. Watu walisubiri jibu hadi litoke. Halikuwahi kuwa jibu la bure.

Habari zilitembea. Watu walianza kuniita kwenye nyumba zenye wagonjwa, na muuguzi akawa ananituma mahali asipoweza kufika yeye. Mama mkwe alisema siwezi kwenda peke yangu, nitasahau kitu. Nakumbuka safari yetu ya kwanza, Chapwa, kwa mkulima mmoja aliyeanguka toka juu ya ghala la mahindi akavunjika uti wa mgongo. Mume wangu alitufikisha kwa lori. Mke wa mkulima alitupokea kwa unyenyekevu mwingi, akatukaribisha viti, akaanza kuwasha jiko. Nyumba ilikuwa imefagiwa, mgonjwa amefunikwa hadi shingoni kwa blanketi safi.

Mama mkwe hakukaa. Alisimama akiegemea fimbo yake katikati ya chumba.

"Mama, chai baadaye," akamwambia yule mwanamke, kila neno likichukua muda wake. "Kwanza, tuonyeshe mgongo."

Mwanamke akaniangalia mimi kama anayeomba msaada. Uso wake niliujua. Nilikuwa nao mwenyewe wakati fulani.

"Usiogope," nikamwambia. "Hatukuja kukulaumu. Njoo ushike bega hapa, nikuonyeshe."

Tulikuta wekundu tu, haujapasuka. Tulimgeuza pamoja, sisi watatu, na mama mkwe akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili tuinue kwa wakati mmoja.